Herufi Zisizo na Namba: Uhakiki wa Majedwali ya Printa na Tahajia ya Kinyantuzu

Vitabu vya maelekezo ya mashine kwa kawaida havihakikiwi. Husomwa mara moja, tena kwa haraka, kisha huwekwa chini ya mashine ili isiyumbe. Hata hivyo twaona inafaa kukisoma kimoja kwa makini ule ule tunaoutumia kusoma katekisimo au kanuni ya ibada, kwa sababu ndani yake mna jedwali ambalo kwa miaka mingi liliamua ni herufi zipi zitaingia katika karatasi za Kanisa na zipi zitabaki nje. Tunasema juu ya jedwali la "alama za kimataifa" lililokuwa katika printa za sindano, zile zilizochapa kwa kugonga utepe wa wino. Printa hizo nyingi zimekwisha kuondoka maofisini. Mazoea ziliyotufundisha hayajaondoka.

Tuchukue lugha moja kuwa kipimo chetu, nayo ni Kisukuma, hasa lahaja yake ya kaskazini-mashariki inayosemwa Bariadi, Itilima na maeneo jirani katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012. Wasukuma ni kabila kubwa kuliko yote nchini, kwa hiyo hatuchukui mfano wa lugha ya vijiji viwili. Kinyantuzu, kama Kisukuma chote, kina irabu saba. Kiswahili kina tano. Zile mbili za ziada zinakaa katikati: moja ipo kati ya i na e, nyingine kati ya u na o. Wataalamu wa isimu huziandika kwa alama zao, ɪ na ʊ. Wengine huziandika ĩ na ũ, yaani i na u zenye wimbi dogo juu, kama wafanyavyo Wagikuyu wa Kenya. Lakini katika maandishi ya kawaida, Biblia ya Kisukuma, barua na matangazo, watu wengi wametumia i na u tupu na kumwachia msomaji kazi ya kujua.

Wala irabu hizi si wageni wa nadra katika lugha. Kiambishi cha kitenzi kisichotajwa mtendaji, kile ambacho kwa Kiswahili ni ku-, kwa Kisukuma kina irabu hii ya pili: kũ-. Jina lenyewe ambalo Wanyantuzu huita usemi wao, Gĩnantuzu, lina irabu ya kwanza katika silabi yake ya kwanza. Huwezi kuandika jina la lugha hii kwa usahihi bila herufi ambayo printa haikuwa nayo.

Sasa tulisome jedwali. Tutatumia la printa ya Epson FX-80, iliyotoka mwaka 1983, kwa kuwa amri zake ziliigwa na watengenezaji wengi hata zikawa kama sheria ya mashine zote za namna hiyo. Kompyuta haikuipelekea printa herufi, bali namba. Namba 65 ilimaanisha A, namba 97 ilimaanisha a, na kuendelea. Zilizokuwa za hakika ni zile zilizoishia 127, na ndani ya hizo Waamerika walikuwa wameshapanga herufi zao na alama zao zote. Je, Mjerumani atapata wapi ü yake? Jibu lilikuwa kumpa kwa kumnyang'anya. Mwandishi alituma namba 27, ambayo iliiambia printa kwamba kinachofuata ni amri na si maandishi, kisha herufi R, kisha namba ya nchi: 0 Marekani, 1 Ufaransa, 2 Ujerumani, 3 Uingereza, 4 Denmark, 5 Sweden, 6 Italia, 7 Hispania, 8 Japani. Kuanzia hapo namba chache, takriban kumi na mbili, zilibadilika maana. Mabano ya mraba na mabano ya mawimbi yaliondoka, herufi za nchi ile zikakaa mahali pake.

Tazama namba 124 peke yake. Kwa Marekani ni mstari wa kusimama. Kwa Ujerumani na Sweden ni ö, kwa Denmark ni ø, kwa Ufaransa ù, kwa Italia ò, kwa Hispania ñ. Mwanafunzi wa theolojia aliyetaka kumtaja Askofu Mkuu Nathan Söderblom wa Uppsala na Søren Kierkegaard wa Copenhagen katika sentensi moja alituma namba ile ile mara mbili, akibadilisha nchi katikati. Asipobadilisha, karatasi ilimletea S|derblom na S|ren, na Chuo Kikuu cha Tübingen kikawa T}bingen. Wengi wetu tumeona karatasi za namna hiyo katika makabati ya vyuo, na wengine tulidhani ni wadudu wa wino.

Lipo jambo la hila zaidi. Namba 126 kwa Marekani ni lile wimbi dogo, na ndilo ambalo mwandishi wa Kigikuyu au wa Kisukuma angelihitaji. Njia ya kawaida ilikuwa kuchapa u, kurudi nyuma nafasi moja kwa namba 8, kisha kugonga wimbi juu yake. Katika programu ya WordStar jambo hilo lilifanywa kwa kubonyeza Control na P, kisha H. Matokeo hayakuwa mazuri, maana wimbi la printa halikuchongwa ili livae kichwa cha herufi. Mara nyingi liligusana na nukta ya i na kufanya doa. Lakini lilisomeka. Basi mwandishi yule akiwa ameweka namba 2 ili ajipatie ü ya Tübingen, akasahau kurudi 0, wimbi lake linakuwa ß. Akiwa ameweka 5 kwa ajili ya Söderblom, wimbi linakuwa ü. Tasnifu inayolinganisha mwanatheolojia wa Ujerumani na methali ya Wanyantuzu, kazi ambayo vyuo vyetu vinaihimiza kila mwaka, haikuweza kuchapwa katika mstari mmoja pasipo mwandishi kuvuka mpaka wa nchi mara tatu au nne. Wengi hawakuvuka. Waliacha nukta mbili za Kijerumani zikae, kwa kuwa msimamizi angeziona zikikosekana, nao wakaacha wimbi la Kinyantuzu lianguke, kwa kuwa hakuna ambaye angeuliza.

Hapo ndipo tunapoona uzito wa jambo. Mashine ilikuwa finyu kwa wote. Anayeandika ndiye aliyechagua ufinyu huo umwangukie nani.

Ni rahisi kulishutumu jedwali hili kwa jina lake. Nchi tisa zikaitwa "kimataifa". Denmark, yenye watu wapatao milioni tano wakati huo, ina namba yake, na mamilioni ya Wasukuma hawana. Tunalielewa shutuma hilo, lakini hatuliungi mkono lote. Jedwali lilikuwa orodha ya masoko. Halikuwa na Kiaislandi wala Kiwelshi wala Kituruki pia, na lugha hizo ni za Ulaya au jirani yake. Zaidi ya hayo, kila nchi iliyopewa namba ilikuwa imekwisha kuamua yenyewe inaandikaje. Mtengenezaji wa mashine kule Japani hakuhitaji kuitisha mkutano ili ajue kwamba Mdenmark huandika ø. Kama angetaka kuwapa Wasukuma namba, angemwuliza nani? Angeletewa ɪ na mtaalamu wa isimu, ĩ na mwingine, na i tupu katika Biblia iliyochapwa mwaka 1960. Mashine haiwezi kuipa namba herufi ambayo wenyewe hawajaikubali.

Kitabu kile cha maelekezo kilikuwa pia na sura ambayo wachache waliifikia, nayo kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote. Ilimruhusu mwenye printa kuchora herufi yake mwenyewe. Kila herufi ilikuwa kiunzi cha safu kumi na moja za kusimama, na katika kila safu sindano nane. Sindano ya juu ilihesabiwa 128, inayofuata 64, kisha 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Kwa ĩ, shina la i lisilo na nukta ni sindano tano katika safu ya katikati: 32 na 16 na 8 na 4 na 2, jumla 62. Wimbi juu yake ni 64 kisha 128 upande wa kushoto, na 64 kisha 128 tena upande wa kulia. Kanuni moja tu ilimbana mchoraji, kwamba sindano ya mstari mmoja isipige katika safu mbili zinazofuatana. Karatasi yenye miraba, penseli, na hesabu ya kujumlisha ya darasa la nne zilitosha. Mwinjilisti mwenye subira angeweza kumaliza ĩ, ũ na herufi zake kubwa kabla ya chakula cha mchana.

Tunaisifu sura hii kwa sababu ilimchukulia msomaji kuwa mtu mwenye lugha yake. Lakini tukumbuke mipaka yake. Herufi zilizochorwa zilikaa katika kumbukumbu ya muda ya printa, na umeme ulipokatika zilifutika zote; ilibidi zipelekwe upya kila asubuhi kabla ya kazi. Tena katika mashine hiyo kumbukumbu hiyo ndiyo ile ile iliyopokea maandishi yanayosubiri kuchapwa, nayo iligeuzwa matumizi kwa swichi ndogo ndani ya mashine. Na kubwa kuliko yote: herufi iliyochorwa na mtu mmoja ilikuwa ni herufi ya printa moja. Faili lile lile likichukuliwa hadi ofisi nyingine lilitoa alama nyingine kabisa. Taipureta na stensili, ambapo karani alichora wimbi kwa kalamu ya chuma kwa mkono wake, zilikuwa na heri moja juu ya hili: karatasi iliyotoka ilikuwa imekwisha kutoka.

Hapa tuangalie mbali kidogo, kwa maana ipo habari ambayo Walutheri wa Afrika ya Mashariki wangependa kuijua. Herufi ĩ na ũ zilipata namba rasmi mwaka 1988, katika jedwali la kimataifa lijulikanalo kama ISO 8859-4. Herufi ĩ ilipewa 181, ũ ikapewa 253. Hazikuwekwa kwa ajili ya Wagikuyu, ambao vitabu na Biblia zao zilikuwa zimejaa herufi hizo. Ziliwekwa pamoja na herufi za lugha za Baltiki na Skandinavia, kwa ajili ya Kigreenland. Watu wa Greenland wakati huo walikuwa kama elfu hamsini na tano tu, wengi wao Walutheri tangu Hans Egede alipofika kwao mwaka 1721. Tahajia yao ya kale, iliyowekwa na mmisionari Mmoravian Samuel Kleinschmidt katika sarufi yake ya mwaka 1851, ilikuwa na mawimbi hayo. Kichekesho ni kwamba Wagreenland wenyewe walibadilisha tahajia yao mwaka 1973 na kuyaacha. Kwa hiyo jedwali liliwapa herufi miaka kumi na mitano baada ya wao kuziaga! Ila nguvu ya tahajia iliyokubaliwa, iliyoandikwa katika sarufi na kufundishwa shuleni, inaonekana hapa waziwazi: hata baada ya kuachwa ilikuwa na sauti katika kamati, na lugha ya mamilioni isiyo na makubaliano haikuwa nayo.

Tangu mwaka 1991 udhuru wa mashine umekwisha. Jedwali jipya la Unicode liliziweka herufi za lugha zote mahali pamoja bila kunyang'anyana; ndani yake ĩ na ũ zina namba zao, ɪ na ʊ zina zao, ö na ø na ß zina zao, na herufi za Kiebrania na Kiyunani vivyo hivyo. Simu ya mkononi ya bei nafuu inayouzwa sokoni Bariadi inaweza kuzionyesha. Hata hivyo, ukifungua tasnifu za miaka ya karibuni zinazonukuu methali na nyimbo za Kisukuma, utaona mambo matatu katika kurasa zile zile: mara ĩ, mara i, mara ɪ iliyonakiliwa kutoka kitabu cha isimu na kugeuka kisanduku kitupu kwa kuwa aina ya maandishi iliyochaguliwa haina herufi hiyo. Majina ya wanatheolojia wa Ulaya katika kurasa hizo yana nukta zao zote. Hatuoni tena mashine ya kuilaumu.

Wako wanaotetea i na u tupu, na hoja yao si dhaifu. Husema: mwenyeji hahitaji wimbi. Akiona neno katika sentensi anajua lisomwe vipi, kama vile Mswahili asivyohitaji kuandikiwa mkazo wala kutofautishiwa kaa la moto na kaa wa baharini. Kuongeza alama ni kumfanya mzee aliyejifunza kusoma kwa Biblia yake ya Kisukuma aonekane hajui kusoma. Tunakubali kwamba mzee huyo hasomi vibaya. Swali letu ni nani mwingine anayesoma. Katika sharika za Simiyu yumo mchungaji aliyetoka Uchagani au Buhaya, ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya madhabahuni, lakini anapofika msibani au kwa mgonjwa hutaka kusema maneno machache kwa lugha ya nyumba ile. Yumo pia kijana aliyezaliwa Bariadi mjini, aliyesoma kwa Kiswahili tangu chekechea, ambaye kila aonapo i husoma i ya Kiswahili. Hao wawili hawana sauti ya ndani ya kuwasahihisha. Kwa Kigikuyu, gũtũma ni kutuma mtu na gũtuma ni kushona. Ondoa wimbi la pili, na aliyetumwa amekuwa fundi cherehani. Anayejua lugha atacheka na kuendelea. Asiyejua hatajua kwamba amekosea, na wanaomsikiliza, kwa adabu, hawatamwambia.

Kiswahili chenyewe kilipita njia hii. Kilipoandikwa kwa hati za Kiarabu kilikuwa na alama tatu za irabu kwa sauti tano: kasra moja ikabeba i na e, na dhuma moja ikabeba u na o. Msomaji wa pwani aliyezaliwa na lugha alijua. Lakini waandishi wa Mombasa hawakuridhika. Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890 na ambaye kwa mkono wake tungo za Muyaka zimehifadhiwa, alibuni alama za ziada ili sauti za Kiswahili zitofautishwe katika hati ile ile. Hakungoja mashine. Na katika uwanja wetu sisi tunaosoma Agano la Kale, wale Wamasora wa Tiberia walikuwa na maandiko ya konsonanti yaliyosomwa karne nyingi na watu waliojua irabu kwa kusikia. Walipoona kujua huko kunapungua, walitia nukta na vistari chini na juu ya herufi pasipo kugusa herufi yenyewe. Wimbi juu ya i ni la jamaa hiyo. Mzee anaweza kulipita kwa jicho bila kulisoma, kwa kuwa i yake ipo pale pale.

Tusiende kupita kiasi, lakini. Wapo wanaopendekeza kwamba pamoja na irabu tuandike na toni, kwa kuwa Kisukuma ni lugha ya toni. Hapa tunasita. Toni ya Kisukuma ina tabia iliyowashangaza wataalamu tangu Irvine Richardson alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1959: toni ya juu iliyo mali ya silabi moja mara nyingi husikika silabi mbili mbele yake, hata ndani ya neno linalofuata. Mwandishi angeweka alama wapi, penye asili au panaposikika? Vyo vyote atakavyochagua, msomaji wa kawaida atachanganyikiwa, na ukurasa utafanana na shamba lililovamiwa na kwelea-kwelea. Hiyo tuwaachie wanaisimu.

Kuna alama nyingine ambayo ni ndogo zaidi na inatusumbua zaidi, nayo ni ritifaa, kile kitone cha juu katika ng'. Katika Kiswahili hukutana nayo katika ng'ombe na ng'ambo na maneno machache mengine. Katika Kisukuma iko kila mahali, kwa kuwa ng'wana, maana yake mwana wa, huanzisha majina ya watu na ya mahali. Pia ipo sauti ya pua isiyo na mghuno inayoandikwa ng'h, kama katika jina la kata ya Ng'hoboko wilayani Meatu. Mganga maarufu wa Usukuma wa mwanzo wa karne ya ishirini ameandikwa Ng'wanamalundi, Ngwanamalundi na Mwanamalundi. La kwanza ni jina lake, la pili ni jina ambalo hakuna Msukuma angelitamka, na la tatu limefanywa Kiswahili.

Ritifaa haikukosa namba. Ilikuwa nayo tangu mwanzo, 39. Shida yake ni kwamba kwa mashine haikuwa herufi bali alama ya kufungia maneno. Katika lugha nyingi za kuhifadhi kumbukumbu kwenye kompyuta, 39 humaanisha kwamba maandishi yameishia hapa. Programu iliyoandikwa kwa uzembe ikikutana na jina Ng'wandu hudhani jina ni Ng na kwamba yanayofuata ni amri isiyoeleweka, ikakataa. Karani mwenye foleni mlangoni hafanyi falsafa. Anaandika Ngwandu na kumwita anayefuata. Programu za kisasa za kuandikia nazo hugeuza kitone kilichonyooka kuwa kile kilichopinda, ambacho kina namba nyingine, na faili likifunguliwa kwa jedwali lisilo lake, ng'ombe hutoka ngâ€™ombe. Ukitafuta kwa kitone kimoja hupati kilichoandikwa kwa kingine. Hivyo mtoto mmoja anaweza kuwa na jina moja katika kitabu cha ubatizo, la pili katika cheti cha kuzaliwa, na la tatu katika cheti cha kidato cha nne, na baadaye akatakiwa kuapa mbele ya hakimu kwamba watatu hao ni mtu mmoja. Gharama ya kiapo hicho hulipwa na mzazi.

Kwa ajili hiyo twasema kitabu cha ubatizo ndicho cha kuanzia, kabla ya tasnifu na kabla ya tafsiri mpya yo yote. Kinaandikwa kwa mkono, mkono hauna jedwali, na mchungaji ana mzazi mbele yake anayeweza kuulizwa jina linatamkwaje. Liandikwe kama lilivyotamkwa, ritifaa ikiwemo, na cheti kinachochapwa kutoka kitabuni kilinganishwe nacho herufi kwa herufi kabla ya muhuri. Sharika zilizokwisha kuhamishia kumbukumbu zake kwenye kompyuta zichague kitone kimoja, kilichonyooka kwa kuwa ndicho kilicho katika kila kibodi, na kumwambia fundi wa programu azime ile tabia ya kukipinda. Tunajua kwamba wataalamu wa Unicode wanacho kitone cha tatu, kilichowekwa kwa makusudi kuwa herufi na si alama ya kunukulu. Ni kizuri. Hakipo kwenye kibodi ya karani wa usharika, basi tusimtwishe.

Kuhusu tasnifu, vyuo vyetu vina kanuni ndefu za tanbihi na za ukubwa wa pambizo, na havina sentensi moja juu ya jinsi ya kuandika lugha za nyumbani zinazonukuliwa. Tungependa iwepo, hata ikiwa fupi: mwandishi aseme mwanzoni anatumia tahajia ipi, kisha aishike hadi ukurasa wa mwisho. Akichagua i na u tupu kwa sababu ndivyo Biblia ilivyo, na iwe hivyo. Hilo ni chaguo lenye heshima yake. Akichagua ĩ na ũ, msimamizi asiye Msukuma amtafute mtu wa Ntuzu amsikilize akisoma nukuu zake kwa sauti. Na anayetoka Bariadi asilazimishwe kuandika Ki- ya magharibi pale ambapo bibi aliyemhoji alisema Gĩ-.

Linabaki swali moja ambalo hatujaliamua. Je, wimbi liandikwe hata katika viambishi kama kũ-, ambavyo kila mtu anajua vinasomwaje na ambavyo vitaujaza ukurasa mawimbi, au liwekwe katika shina la neno tu, mahali ambapo linatofautisha maana? Wagikuyu huliandika kila mahali, nao wamezoea. Kwa Kinyantuzu tunaelekea upande wa shina. Lakini tungetaka kwanza kusikia kutoka kwa walimu wa Shule ya Jumapili wa Itilima na Maswa, ambao huwasikia watoto wakisoma kwa sauti kila juma, wanakwama katika neno lipi.